Sinyolewi Mara ya Pili

Igurwa, Karagwe
18 Machi 2024

Kwa Shemeji Costansia,
Kaisho, Kyerwa.

YAH: KUFUNGA MATANGA YA MAREHEMU KEMILEMBE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza, nakusalimu kwa niaba ya ukoo. Sisi huku hatujambo, ila mke wangu Benadeta goti limerudia kuvimba, na yule ng'ombe mwekundu ametupa mimba. Maharage yameota vizuri. Mwanangu Cassian anafyatua matofali ya nyumba yake. Ndoa yake na yule binti wa Kibingo, Nikuze, imepangwa Jumamosi ya tarehe 29 Juni na paroko ameshaarifiwa.

Pili, nimekupigia simu mara kumi na moja na haipatikani. Ndiyo maana natumia karatasi. Barua hii analeta Theoneste, dereva wa Fuso la ndizi, na majibu umpe yeye.

Tatu, ambalo ndilo la msingi. Kwa desturi ya nyumba yetu, siku ya nne baada ya mazishi wafiwa hunyolewa na shangazi wa marehemu. Kichwa cha kwanza ni cha mzazi. Baada yake sisi wengine tunakatwa kishungi kidogo, matanga yanafungwa, jembe linarudi shambani na sherehe zinaruhusiwa. Wewe siku hiyo, dada yetu Stephania akiwa ameshatandika mkeka na kuufungua wembe, ulichukua jembe ukaingia kibanjani, kwenye migomba, kupalilia. Jembe, Costansia, mbele ya wazee, siku ambayo halishikwi. Tulikaa tunautazama mgongo wako mpaka jua likawa kali, kisha tukaondoka na nywele zetu zote.

Kama kisingizio chako ni kwamba ulishanyoa mwaka jana, ujue kuwa kumnyolea mtu aliye hai si kunyoa. Hilo ni kosa jingine, na ukoo bado unalizungumza.

Matanga yako wazi mpaka leo, na nyumba yenye matanga haifanyi harusi. Kwa hiyo mimi, niliyesimama kaburini kama baba wa marehemu kwa kuwa mdogo wangu Adelard, mumeo, hayupo tena, nakuagiza ufike hapa Igurwa Jumamosi inayofuata Pasaka ili jambo hili likamilishwe.

Wako katika kuulinda ukoo,
Polikarpi Rwegoshora
Mwenyekiti wa ukoo
Mtendaji wa kijiji (mstaafu)


Kaisho
9 Aprili 2024

Shemeji Polikarpi,

Shikamoo. Hiyo ni ya umri wako.

Huku mvua ni nyingi, kahawa zimebeba, na kibanja nimekipalilia chote mpaka mpakani. Mpe pole Benadeta kwa goti, na ni pole ya kweli. Wakati wa msiba alilala hapa siku tano, akapika, akaosha vyombo, hakunipa ushauri hata mmoja. Mpe pole na ng'ombe.

Barua yako ilifika Ijumaa, siku moja kabla ya hiyo Jumamosi yako, kwa sababu Fuso lilinasa kwenye matope. Hata ingefika mapema nisingekuja, kwa hiyo usimgombeze Theoneste.

Nimeisoma YAH yako. Nimekuwa mke wa mdogo wako miaka ishirini, na mjane wake miaka tisa, na leo unaniandikia kama mtu aliyekataa kuchimba choo. Ulistaafu utendaji mwaka gani, shemeji? Mhuri waliuchukua au unalala nao?

Simu yangu iko ndani ya debe la maharage na itakaa humo. Baada ya mazishi walinipigia watu ambao kwa miezi kumi na minne hawakujua njia ya kuja Kaisho. Kila mmoja alikuwa na dawa. Mmoja mizizi, mmoja maji ya mahali fulani, mmoja mganga wa ng'ambo ya mto aliyeponya titi la dada wa rafiki yake. Nikauliza mbona hukusema alipokuwa hai, wakasema ni mapenzi ya Mungu. Hapo ndipo nilipoizima.

Sasa tuje kwako. Ulisimama kaburini kama baba, nilikusikia. Ulisema, "Mimi ndiye baba yake," ukajipiga kifua mara mbili karibu na kipaza sauti mpaka watoto wakaziba masikio. Baba huyo katika ugonjwa wote alikanyaga kwangu mara moja tu. Ilikuwa Jumatano ya kwanza ya Desemba, siku niliyokwenda Nkwenda kufuata dawa za maumivu. Niliporudi nilikuta mkungu wa ndizi mlangoni na mwanangu amenyamaza.

Ulimwambia nini? Nijibu hilo, kisha tuzungumze habari za wembe.

Mimi,
Costansia, mama Kemilembe


Igurwa, Karagwe
28 Aprili 2024

Kwa Shemeji Costansia,
Kaisho, Kyerwa.

YAH: BARUA YAKO YA TAREHE 9 APRILI

Marahaba. Sisi tunaendelea vizuri. Senene wameanguka wachache msimu huu, nakutumia kikombe kimoja kwa mkono wa Theoneste, Benadeta amewakaanga. Goti lake bado.

Barua yako nimeipata na lugha yake nimeivumilia.

Kuhusu Desemba, nilipita kumjulia hali mgonjwa kama ulivyo wajibu wa mkubwa. Maongezi ya mzee na mgonjwa hayaandikiwi taarifa. Tarehe yenyewe siikumbuki.

Ninachokumbuka ni Machi ya mwaka jana. Zilitufikia habari hapa Igurwa kwamba mke wa Adelard ameonekana sokoni Kaisho na kichwa cheupe kabisa. Wazee wakaulizana, kamnyolea nani? Mume alishazikwa zamani, wazazi wake walishazikwa zamani. Aliyekuwa mgonjwa ni mmoja tu. Ukamtangazia mtoto kifo kwa kichwa chako mwenyewe, halafu unashangaa kwa nini dawa za Mwanza hazikushika. Sisemi mimi. Nasema yanayosemwa.

Wazazi wa Nikuze wametuuliza kama ni kweli nyumba ina matanga. Hao asili yao ni Rwanda na wana desturi zao, lakini wanaiheshimu yetu kuliko wewe uliyeolewa ndani yake. Mwezi Mei tutasoma matangazo ya ndoa kanisani. Nisingependa mtu asimame na kutoa pingamizi la kichwa chako.

Wako katika kuulinda ukoo,
Polikarpi Rwegoshora
Mwenyekiti


Kaisho
19 Mei 2024

Shemeji,

Shikamoo. Senene nimewala. Mkono wa Benadeta naujua, chumvi yake haizidi.

Hapa tumeanza kuchuma kahawa. Nimepata vibarua wawili, wanachuma mbivu na mbichi pamoja, kila nikigeuka nawakemea. Jumuiya inakuja kwangu Alhamisi kusali, wanakaa wanaangalia nywele zangu kuliko wanavyoangalia msalaba.

Husemi wewe, unasema yanayosemwa. Sawa. Basi na mimi nikuambie yaliyotendeka, maana wewe na wazee wako mlikuwa mbali mkinywa rubisi na kupanga maana ya kichwa changu.

Kemilembe alianza kudondoka nywele wiki ya tatu baada ya dawa ya kwanza. Zilidondoka kwenye mto, kwenye chakula, na alipokaa kwenye cherehani zilidondokea nguo za wateja. Akawa anazitoa moja moja kwenye mishono kabla hajaikabidhi nguo. Unazijua nywele za mwanangu? Huzijui. Zilikuwa nyingi mpaka kitana kilivunjika ndani yake Jumapili ya Komunyo ya kwanza. Na ni yeye aliyekuwa akinisuka mimi. Tangu ana miaka kumi, kila Jumamosi nilikaa chini, yeye akakaa nyuma yangu, akanisuka kwa ajili ya misa ya kesho yake. Alinivuta mpaka machozi, nikilalamika anasema uzuri hauji bure, mama.

Jumamosi moja alisema hawezi kunisuka yeye akiwa kipara, watu watadhani amenila nywele. Basi nikachukua wembe nikajinyoa. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Tukawa wawili. Aliniambia nina kovu kisogoni, refu kama punje ya mpunga, ambalo maisha yangu yote sikulijua. Tulicheka siku hiyo, shemeji. Nyumba ya saratani, na tulicheka mpaka jirani akachungulia.

Jirani huyo ni Placidia, na kosa lake ni lilelile lenu. Aliona kichwa changu tu, kicheko akakidhani kilio, hakuuliza. Kesho yake asubuhi alikuja na wanawake wanne, wameshajifunga kanga viunoni, wanalia tangu barabarani, mmoja amebeba ndizi na mmoja kuni. Aliyewafungulia mlango ni Kemilembe, utepe wa kupimia uko shingoni. Akawauliza, "Nimekufa lini?" Placidia alikaa chini palepale kwenye kizingiti. Mwanangu akawapikia zile ndizi walizoleta kwa ajili yake, wakala.

Dawa zilipokwisha mwezi wa nane, nywele zikaanza kurudi, laini kama za mtoto mchanga. Nami nikaacha zangu zikue. Tukawa tunapimana kila Jumamosi kwa ule utepe wake. Alikuwa akinishinda kidogo. Alisema Pasaka zitakuwa zimefika za kushikika, atanisuka na mimi nitamsuka, hata kama mkono wangu ni mbaya.

Pasaka imepita, unajua alikuwa wapi.

Kwa hiyo usiniandikie tena kwamba nilimtangazia kifo. Na lile swali langu umeliruka kama dimbwi. Ulimwambia nini?

Costansia


Igurwa, Karagwe
10 Juni 2024

Kwa Shemeji Costansia.

YAH: ZIARA YA WAZEE

Sisi wazima. Kahawa tunachuma.

Familia ya Nikuze imeomba ndoa isogezwe hadi Jumamosi ya tarehe 24 Agosti ili matanga yafungwe kwanza. Cassian ameacha kufyatua matofali na hasemi na mtu. Hayo umeyasababisha wewe.

Jumamosi ya tarehe 22 mwezi huu Stephania atafika kwako na wazee wawili. Atakuwa na wembe. Jambo litamalizwa hapohapo. Masuala mengine hayana nafasi katika ziara hiyo.

Polikarpi Rwegoshora
Mwenyekiti


Kaisho
1 Julai 2024

Shemeji Polikarpi,

Shikamoo.

Nasikitika kwa ajili ya Cassian. Ndiye aliyembeba mwanangu mgongoni kutoka mlangoni mpaka kwenye gari siku ile ya mwisho ya kwenda hospitali, akimwambia utani njia nzima. Sina ugomvi naye. Mwambie hivyo kwa maneno yangu, usiyatengeneze.

Ziara yako ilifika. Wazee wako wawili niliwapa kahawa za kutafuna, nikawapikia ndizi na maharage, wakala vizuri kuliko watu waliokuja kwa jambo zito. Mmoja aliomba chumvi. Stephania hakula. Aliutoa wembe, umefungwa kwenye karatasi ya daftari, akauweka kwenye meza ya cherehani, maana bado sijaiondoa.

Nikamwambia, "Wifi, ninyoe. Lakini kwanza niambie kaka yako alimwambia nini mwanangu Desemba." Akasema, "Hajatuambia kama alifika." Shemeji, hata dada yako hakujua. Mwenyekiti anayetoa taarifa ya goti na mimba ya ng'ombe, safari hiyo moja hakuitolea taarifa.

Nikamweleza ninachokijua mimi. Kabla ya siku ile Kemilembe alikaa kichwa wazi, ndani na nje, hata watu wa jumuiya wakija. Alikuwa akijivunia zile nywele chache. Niliporudi kutoka Nkwenda nilimkuta amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Hakukivua tena mbele yangu mpaka nilipokivua mimi mwenyewe kumwosha. Wiki tisa. Zile Jumamosi za kupimana zikafa. Nilipomuuliza alisema anasikia baridi, na ilikuwa jua.

Wewe ulimfunika mwanangu kichwa. Sijui kwa maneno gani, lakini ni wewe, na nakuchukia kwa hilo. Nimeliandika makusudi ili likae kwenye karatasi.

Stephania alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono akanishika nywele, akasema zimekua. Akauchukua wembe wake akaurudisha kwenye mkoba. Wazee wakauliza imekuwaje, akawaambia watangulie barabarani.

Stephania amerudi leo kuniona, na barua hii nimempa yeye, si Theoneste, nami nimemruhusu aisome.

Costansia


Igurwa
25 Julai 2024

Shemeji Costansia,

Marahaba. Huku tupo. Benadeta aliisoma barua yako kabla yangu, Stephania ndiye aliyempa. Tangu hapo ananiwekea chakula na kuondoka. Goti limepona, ningesema, kwa jinsi anavyoondoka upesi.

Sikuweka YAH. Nilijaribu mara mbili na sikupata cha kuandika mbele yake.

Nilifika kwako Jumatano ya tarehe 6 Desemba. Naikumbuka tarehe. Nilimkuta amekaa uani juani, kichwa wazi. Nilikuja kukutafuta wewe, nikuelekeze uje kuomba radhi kwa ukoo kwa kile kichwa chako cha Machi. Kwa kuwa hukuwepo, nilimwambia yeye. Nilisema, mama yako alishakulilia ukiwa hai, ndiyo maana dawa hazishiki, mwambie aje Igurwa ayaondoe matanga hayo kabla hujafa. Nilisema hivyo, kabla hujafa. Nilikuwa nimekariri maneno njiani na hayo yalikuwa ndani yake.

Alicheka. Akasema, "Baba mkubwa, mama hakujinyoa. Nilimnyoa mimi." Akanionyesha kigoda ulichokalia, kilikuwa palepale ukutani. Akasema wewe ulisitasita kwa sababu ya desturi, na yeye ndiye aliyekuomba, akashika wembe. Akasema anajua unawaambia watu kwamba ulijinyoa, ili yeye asilaumiwe, na anakuacha useme kwa sababu unaona raha kumkinga.

Kisha akaniambia jambo jingine, na hili alilisema bila kucheka. "Nikifa, mama asinyolewe tena. Ile moja inatosha. Mwambie shangazi Stephania kwamba nimesema mimi." Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa sababu nilitaka kuondoka. Alikuwa amekonda na sikujua macho yangu niyaweke wapi. Nilipoinuka aliniomba nimpe kitambaa kilichokuwa kwenye kamba, akajifunga. Nadhani aliona nilivyokuwa nakitazama kichwa chake.

Siku ya nne, Stephania alipoufungua wembe, mimi nilikuwa karibu naye kuliko wewe. Ningeweza kusema. Nilifikiri, mwenyekiti wa ukoo atasimamaje mbele ya wazee kuwaambia ametumwa na binti wa miaka ishirini na saba. Wewe ukachukua jembe. Nilikasirika siku ile kuliko wote, kwa sababu ulikuwa unatenda alichokisema yeye na wala hukujua. Halafu ikaja habari ya ndoa, ikawa rahisi kuandika barua.

Sijui matanga yatafungwaje. Harusi ni tarehe 24 mwezi ujao. Sema wewe.

Polikarpi


Kaisho
11 Agosti 2024

Shemeji Polikarpi,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma maneno yake tu na nililia mpaka kifua kikauma, nakuambia wazi. Mtoto alikuwa ameniachia neno. Niliishi miezi sita nikidhani hakuniachia chochote isipokuwa kitambaa.

Mara ya pili nilisoma maneno yako.

Kwa hiyo ulijua. Mwaka mzima na zaidi nimesema nilijinyoa mwenyewe. Nilisema sokoni, nilisema kwenye jumuiya, nilimwambia paroko. Niliona heri mimi niitwe mchawi kuliko mtoto kuambiwa alijiitia kifo kwa mkono wake. Nilimeza mate ya ukoo wenu mzima. Na wewe, tangu Desemba, ulijua nani alishika wembe na kwa nini, ukaniandikia, "Sisemi mimi, nasema yanayosemwa." Nimewajua watu waoga maishani, Polikarpi. Adelard aliogopa nyoka, mimi naogopa radi. Wewe uliogopa kusema umetumwa na mgonjwa. Sikujua kama uoga unaweza kuwa mdogo kiasi hicho.

Sijakusamehe. Usiniulize kila barua kama nimeanza.

Lakini Cassian lazima aoe, na umesema niseme mimi, basi nasema. Desturi yenu inataka kichwa cha kwanza kiwe cha mzazi. Wewe ulijipiga kifua kaburini kwamba ndiye baba yake, na watu mia mbili walisikia. Jumamosi ya tarehe 17 waite wazee wote hapo Igurwa. Stephania atatandika mkeka. Utakaa wewe. Kabla wembe haujakugusa utasimama useme kila alichokuambia Kemilembe, kwa Kinyambo, ili mabibi wasiojua Kiswahili wasikie, pamoja na lile la wewe kusema kabla hujafa. Usiruke kitu, nimempelekea Stephania barua yako aifuatilie. Kisha utanyolewa mpaka ngozi, matanga yatafungwa, na nyumba itafanya harusi. Kwenye picha za ndoa ya mwanao utaonekana hivyo.

Mimi siji tarehe 17. Nitakuja tarehe 24, nikiwa nimesukwa.

Alhamisi alikuja Nikuze kutoka Kibingo na dada yake. Hakutumwa na mtu, alisema Cassian amemweleza. Nilimwambia zangu bado fupi, akasema zinashikika. Alikaa nyuma yangu pale uani. Anavuta kuliko mwanangu na mistari yake imepinda upande wa kulia, Kemilembe angemcheka. Alipofika kisogoni akaniuliza, "Mama, unajua una kovu hapa?" Nikalia. Hakuacha kusuka wala hakuniambia ninyamaze. Nimempenda kwa hilo. Mwambieni Cassian asimchezee.

Pamoja na barua hii Theoneste anakushushia kigoda. Ndicho alichokuonyesha pale ukutani. Siku ile mimi nilikikalia uani, yeye amesimama nyuma yangu na wembe, bakuli la maji chini. Nyolewa juu yake, kisha unirudishie siku ya harusi. Mguu mmoja ni mfupi, kwa hiyo egemea kushoto, la sivyo utaanguka mbele ya watu. Mimi nilikaa hivyo, na yeye alinishika bega nisianguke.

Costansia, mama Kemilembe